Tangazo Lililokaa Ubaoni Siku Ishirini na Moja

Waandishi wa matangazo ya kazi wangekuwa wapishi, watu wangekufa njaa huku wamekaa mezani. Sahani ingeletwa imefunikwa, na juu ya kifuniko pangekuwa na maelezo marefu ya namna sahani ilivyo mahiri, yenye ari na inayojituma, na hakuna ambaye angethubutu kuuliza kama ndani mna ugali au mna mawe. Hawajali. Wao wakishaandika wamemaliza, wanaoteseka ni wasomaji. Na hakuna msomaji aliyeteseka kama yule mwanamke aliyesoma tangazo la kazi yake mwenyewe kwa siku ishirini na moja, akilipita kila asubuhi kama anavyopita tangazo la kiwanja kinachouzwa.

Hospitalini walimwita Mama Mvuke. Jina lake halisi lilikuwa kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu aliyoisaini kwa miaka kumi na minne, lakini hata karani aliyeichapa mikataba hiyo alimwita Mama Mvuke. Mahali pake palikuwa Chumba Namba Saba, mwisho wa korido ya upasuaji. Vyombo vikitoka kwa madaktari, mikasi na koleo na visu vikiwa bado na damu, yeye alivipokea kupitia kidirisha, akavisugua kwa brashi, akavisuuza mara tatu, akavihesabu, akavifunga seti kwa seti ndani ya vitambaa vya kijani. Juu ya kila fungu alibandika utepe. Kisha alivipanga ndani ya mashine ya mvuke iliyokuwa kubwa kuliko jokofu, akafunga mlango wake kwa gurudumu la chuma, akasubiri. Utepe ukitoka na mistari myeusi, vyombo vimeiva. Usipotoka na mistari, vinarudi ndani, hata kama daktari amesimama dirishani anagonga kioo.

Miaka kumi na minne, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeoza kidonda kwa sababu ya chombo kilichopita mikononi mwake. Jambo hilo halikuandikwa popote. Alilijua yeye, na sista mkuu wa upasuaji, na lilikuwa fahari yake, ingawa hakuwahi kulitamka mbele ya watu asije akaonekana anajipigia debe.

Mwaka huo uongozi ukatangaza kwamba vibarua wa muda mrefu watawekewa nafasi za kudumu. Akaletwa mtaalamu mshauri, kijana mwenye shati lililonyooshwa pasi hadi kwenye mishono na kompyuta ndogo ya kubeba, azunguke idara kwa idara kuandika kila kazi inafanywaje. Kwa Mama Mvuke alikaa asubuhi mbili nzima.

"Shikamoo, mama. Nataka tu unieleze unachofanya, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

"Marahaba. Basi vaa hiyo aproni kwanza, maana hapa panarusha."

Akamweleza. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa hiyo maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Alimweleza namna ya kufungua koleo kabla ya kuzipanga ili mvuke uingie mpaka kwenye maungio. Alimweleza juu ya mpira wa mlango. "Mpira ukianza kuchoka, mashine inapiga mluzi mwembamba kabla geji haijaonyesha lolote. Mtu wa hapa lazima awe na sikio la kuusikia." Kijana akaandika. Alimweleza kuhusu madaktari. "Nao ni watoto wa watu. Wakikufokea, usijibizane. Mpe seti iliyo tayari, mwambie nyingine dakika kumi, na ziwe kumi kweli." Kijana akaandika.

"Na mkuu wako anakuja kukukagua mara ngapi?"

"Mkuu? Tangu mashine hii iletwe amekuja mara mbili. Mara ya pili alikuwa amepotea njia."

Wakacheka wote wawili, na kijana akaandika na hilo. Alipoondoka alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, nafasi ya kudumu itatangazwa ubaoni. Angalia ubao. Wafanyakazi wa ndani wataangaliwa kwanza."

Mama Mvuke akaangalia ubao. Lo, aliuangalia. Ulikuwa nje ya ofisi ya utumishi, nyuma ya kioo chenye kufuli, na kila asubuhi kabla ya kuvaa glavu alipanda ngazi kwenda kuusoma. Nafasi ya kudumu ilikuwa na maana moja kwake: asingepiga tena magoti kila baada ya miezi mitatu, na akiugua angeugua kama binadamu wengine, bila kuogopa kwamba akirudi atakuta mtu mwingine kidirishani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mgongo ulishaanza kumsemesha.

Alitafuta neno vyombo. Alitafuta mvuke, kuosha, kuchemsha, au basi hata usafi. Palikuwa na tangazo la dereva, la mhasibu, la mpishi, na katikati palikuwa na moja refu:

*Mratibu Mwandamizi wa Mzunguko wa Rasilimali Rejeshi. Mhusika atawezesha urejeshwaji endelevu wa rasilimali tendaji kutoka hali ya matumizi hadi hali ya utayari, kwa kuzingatia uhakika wa kimchakato. Atabaini viashiria vya awali vya hitilafu za kimfumo. Atasimamia matarajio ya wadau wa ndani katika vipindi vya uhitaji mkubwa. Awe mtu anayejituma bila kusimamiwa. Awe na stashahada katika fani husika au inayoendana. Wafanyakazi wa ndani wanahimizwa kuomba.*

Isije mtu akadhani hakujua kusoma. Darasa lake la saba lilikuwa la kweli, la enzi ambazo mwalimu alikuwa hakuachii mpaka ukisome kitabu kwa kurudi nyuma. Neno moja moja alilijua. Yalipokaa pamoja ndipo yalipomshinda, kama wageni waliojaa sebuleni na hakuna anayesema wamefuata nini. Alichoambulia ni rasilimali, na rasilimali kwa alivyofahamu walikuwa ni watu wa ghorofa ya juu, wenye viyoyozi na viti vya kuzunguka. Akamfikiria binti yake.

Akalinakili tangazo mgongoni mwa boksi la glavu. Lilimchukua siku tatu, mistari miwili mitatu kila mapumziko, amesimama, kalamu ikiteleza. Akaenda nalo nyumbani kwenye vyumba vyao viwili, akalitua mezani mbele ya binti.

"Hii hapa. Imekaa kama ya kwako."

Binti alikuwa na stashahada ya ugavi na miaka mitatu ya kukaa nayo. Alikuwa ameandika barua za maombi tisini na sita, na zilizojibiwa angeweza kuzishika kwa vidole vya mkono mmoja. Kilichomfaidisha katika barua hizo ni kwamba alikuwa amejifunza kusoma matangazo kama wengine wanavyosoma nyuso za watu. Alilichukua boksi, akaanza kutafsiri, na mama yake akavuta kiti maana hiyo ilikuwa starehe yao ya jioni.

"Anayejituma bila kusimamiwa, maana yake ukikwama hakuna wa kumuuliza. Vipindi vya uhitaji mkubwa, maana yake chakula cha mchana utakisikia kwa jirani. Wadau wa ndani, hao ni watu watakaokufokea."

"Na huku kurejesha, kuwezesha, ni kazi gani hasa?"

"Sijui, mama. Nafikiri ni stoo kubwa. Vitu vinatoka, vinarudi. Huo ni ugavi."

"Na unaomba kitu usichokijua?"

"Ningekuwa naomba ninazozielewa tu, mpaka leo ningekuwa nimeandika barua mbili."

Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Binti akaandika barua ya tisini na saba, na siku ya mwisho ya tangazo Mama Mvuke akaibeba bahasha mwenyewe ndani ya mfuko wa aproni, akaitumbukiza kwenye sanduku la utumishi kwa mkono wake. Kisha akatazama ubaoni mara moja tena kama ile nafasi ya vyombo imebandikwa. Haikuwapo. Akashuka ngazi kwenda kazini.

Wiki mbili baadaye binti akapata jibu. Alilisoma akiwa mlangoni, viatu bado mguuni, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Ameitwa. Kati ya waombaji arobaini wameitwa watatu. Mahojiano ya mdomo saa tatu asubuhi, na mara baada ya hapo usaili wa vitendo, Jengo la Upasuaji, Chumba Namba Saba.

"Chumba namba ngapi?" aliuliza mama yake.

"Saba."

Mama Mvuke alikuwa anakatakata vitunguu. Akaweka kisu chini taratibu, kama mtu anayeogopa kisu kitafanya jambo chenyewe. "Lete lile boksi," alisema. "Nisomee. Polepole."

Binti akasoma. Alipofika kwenye viashiria vya awali vya hitilafu za kimfumo, mama yake akamkata.

"Mluzi."

"Mluzi gani?"

"Endelea."

"Atasimamia matarajio ya wadau wa ndani."

"Madaktari. Wanaogonga kioo. Nilimwambia yule kijana wa kompyuta, wape seti iliyo tayari. Endelea."

"Awe mtu anayejituma bila kusimamiwa."

"Mkuu aliyepotea njia," alisema Mama Mvuke, na safari hii hakucheka. Alikaa kitako. Hasira haikumjia mara moja. Ilianzia miguuni, ikapanda taratibu mpaka kifuani. Kijana yule alikaa kwenye stuli yake asubuhi mbili, akanywa chai yake, akayachukua maneno yake kutoka kinywani, akayavika suti, akayaweka nyuma ya kioo mahali ambapo mwenyewe angeyapita bila kuyajua. Hakuna hata moja alilosema ambalo halikuwamo. Mtu mzima alikuwa mle ndani, miaka yake kumi na minne, na yeye amesimama mbele yake siku ishirini na moja akijiuliza ni nani huyo.

"Mama," binti alisema, na uso ulikuwa umemshuka. "Ni kazi yako."

"Ni yangu. Na nimeipeleka mwenyewe kwenye sanduku, ina jina lako."

Asubuhi hakwenda kwanza Chumba Namba Saba. Alikwenda kwa afisa utumishi, akaingia kabla hajaambiwa aingie. Afisa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake sambamba anapohisi mambo yanaharibika. Alianza kuzipanga.

"Mama, tangazo lilikaa ubaoni siku zote zinazotakiwa. Na wafanyakazi wa ndani walihimizwa."

"Mlinihimiza kwa lugha gani?"

"Kiswahili, mama. Mbona ni Kiswahili."

"Haya. Rasilimali rejeshi ni kitu gani?"

Afisa alisogeza kalamu moja kidogo kushoto. "Ni... ile dhana ya... Unajua, haya aliyaandika mshauri. Sisi tuliyapokea."

"Kwa hiyo na wewe hujui."

"Najua ni chumba chenu. Iliandikwa kwenye jalada."

"Ulijua ni chumba changu," alisema Mama Mvuke, "na kila asubuhi uliniona hapo nje, pua yangu kwenye kioo. Ulikuwa unapita nyuma yangu na kikombe chako cha chai, unanisalimia. Ulikuwa unafikiri natafuta nini pale? Mchumba?"

Afisa akakimbilia kwenye utaratibu. Muda wa maombi umefungwa. Hata ungefunguliwa, nafasi inataka stashahada. Mkataba wake wa sasa unaisha mwisho wa mwezi, siku hiyo hiyo mratibu mpya anapoanza. Yeye binafsi inamuuma.

"Stashahada ya kuchemsha inatolewa chuo gani?"

"Fani husika au inayoendana, mama."

"Inayoendana na nini?"

Kalamu zote zilikuwa zimenyooka. Afisa akaanza kuzipanga upya.

Jioni ile binti alimsubiri akiwa ameshaandika barua ya kujitoa. Aliisukuma mezani. Mama Mvuke aliisoma, na hii aliielewa yote, maana ilikuwa na mistari miwili tu. Akaichana.

"Ukijitoa watampa mmoja wa wale wengine wawili," alisema. "Mimi nitatoka tu. Tofauti ni kwamba tutakuwa wawili hapa ndani, tunatafsiriana matangazo."

"Siwezi kukunyang'anya, mama."

"Hujaninyang'anya wewe. Usinipe na kazi ya kukubembeleza, nimechoka. Kalete vijiko."

Siku nne alimfundisha kwa vijiko, uma na koleo ya jikoni, na vitambaa vya kufutia vyombo. Hakuwa mwalimu mpole. Alikuwa na hasira na dunia nzima, na aliyekuwa karibu alikuwa binti. Akikunja pembe vibaya, fungu linafunguliwa, linaanzwa upya. Akisahau kuhesabu, anahesabu mara tatu. Mama yake alipiga mluzi mwembamba kupitia mwanya wa meno, ule wa mpira unaochoka, akaurudia na kuurudia huku binti amefumba macho, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kuna wakati alimtazama akifunga fungu vizuri, pembe zimelala zinavyotakiwa, na moyo wake ukajaa, kisha dakika hiyo hiyo akatamani kumnyang'anya kile kitambaa. Aliyahisi yote mawili na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo.

Siku ya usaili aliambiwa awashe mashine, apange vyombo, kisha asimame mlangoni iwapo watahiniwa watahitaji msaada wa kiusalama. Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Akasimama. Mtahiniwa wa kwanza, kijana mwenye tai, aliingia akatazama kulia na kushoto, akauliza kwa adabu stoo iko wapi. Wa pili alisema kwamba angeunda kikosi kazi. Wa tatu akavaa glavu, akafungua koleo moja moja, akavihesabu vyombo kwa sauti, akafunga, akabandika, akapanga mafungu yakiwa yamesimama wima na nafasi katikati, akazungusha gurudumu. Kisha akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

Sista mkuu wa upasuaji, aliyekuwa mmoja wa wasaili, alimtazama binti, akamtazama mwanamke aliyesimama mlangoni, akaelewa. Baadaye alimfuata Mama Mvuke kwenye sinki, akamwambia kwamba alijaribu, alisema kwenye kikao, lakini karatasi zilishapita.

"Ulisema kwenye kikao gani, sista? Kabla ya tangazo au baada?"

"Baada."

"Asante," alisema Mama Mvuke, na akaendelea kusugua brashi iliyokuwa safi.

Binti akaipata. Mwisho wa mwezi mama yake akavua aproni, akaitundika, akatoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu kwenye ule wa mbele kulikuwa na watu aliowafahamu wakitaka kumpa pole. Hakutaka pole ya mtu. Pole za hospitali ile zilikuwa nyingi kuliko sabuni yake.

Wiki tano alikaa nyumbani. Alisugua sufuria mpaka zikabadilika rangi. Alihesabu vijiko. Binti alirudi kila jioni akiwa hoi, vidole vimekunjamana kwa maji, na ilipofika wiki ya tatu akasema lililokuwa wazi tangu mwanzo, kwamba kazi ile ilikuwa ya watu wawili, na kwamba mama yake alikuwa ameifanya peke yake miaka yote kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Ameomba msaidizi. Wamekubali kibarua mmoja, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nafasi lazima itangazwe.

"Nimewaambia nitaliandika mwenyewe," alisema binti. "Afisa alitaka kuliremba, nimekataa."

Akamwonyesha. *Anatakiwa mtu wa kuosha, kuhesabu, kufunga na kuchemsha vyombo vya upasuaji, Chumba Namba Saba. Chumba kina joto na kazi ni ya kusimama. Madaktari hufoka. Cheti hakitakiwi, ujuzi wa mikono unatakiwa. Mkataba ni wa miezi mitatu, na unaweza kukatishwa. Atakuwa chini ya Mratibu Mwandamizi.*

Mama Mvuke alilisoma mara mbili. Lilikuwa tangazo zuri, safi, la mtu anayewaheshimu watu, na hakukuwa na neno hata moja la kumpa shida. Alielewa kwamba ni yeye. Alielewa na sentensi ya mwisho. Hasira ya mara hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya siku ya vitunguu, kwa sababu siku ile angalau alikuwa na fumbo la kulilaumu.

"Mama, nimeliandika kwa ajili yako," binti alisema kwa sauti ndogo. "Njoo tu. Nitasema nimeshapata mtu."

"Nani kakwambia nipitishwe dirishani?"

Siku ya mahojiano alikwenda na gauni lake la kijivu na barua aliyoiandika kwa mkono wake, akaketi kwenye benchi la korido pamoja na wanawake wengine sita na wanaume wawili. Alifika wa tano, akakaa wa tano. Mlango ulipofunguliwa binti alitokeza kichwa, akamwona, akasema, "Mama, pita." Wengine wote wakageuka.

"Kuna wanne mbele yangu," alisema Mama Mvuke. "Waite hao kwanza."

Ikaja zamu yake. Ndani walikaa afisa utumishi, sista mkuu, na katikati yao binti, maana msaidizi alikuwa wake. Mbele yake palikuwa na fomu ya usaili, ile ya kila mtu, na kalamu. Mama Mvuke alisalimia, akaketi kabla hajakaribishwa, akaweka mikono juu ya mapaja. Binti aliuliza jina, akaambiwa lote, la ukoo na la babu, kama vile halijui. Aliuliza umri. Aliuliza kazi ya mwisho, na akaambiwa kazi ya mwisho, miaka kumi na minne, chumba hiki unachokijua. Mkono wa binti uliandika polepole. Kisha ukasimama.

Afisa utumishi aliinama kutazama swali lililofuata, akaona kilichomsimamisha. Akakohoa. "Hilo linaweza kurukwa."

"Lisirukwe," alisema Mama Mvuke. "Hao wanne waliotangulia wameulizwa?"

"Wameulizwa," alijibu sista.

"Basi na mimi niulizwe."

Binti aliinua macho. Yalikuwa mekundu, lakini alijikaza kisabuni, akasoma kama ilivyochapwa: "Sababu ya kuacha kazi ya mwisho?"

"Ilitangazwa," alisema mama yake. "Andika hivyo hivyo, usiipambe."